Profesa wa Damu na Boma la Kwao

Siku ya kwanza tulipokutana hakuniuliza jina. Nilikuwa nahamia ploti moja pale Suneka, nimeshika godoro upande huu na mwenye pikapu amelishika upande ule, mara mama mmoja mrefu, mwembamba, akatoka nyumba ya pili. Akanijia moja kwa moja, akanivuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akachungulia. "Damu ipo," akasema, "lakini si ya kujivunia. Kula mboga za majani." Kisha akarudi kwake akafunga mlango. Mwenye pikapu akaniuliza kama yule ni mwenye ploti au ni mtu aliyerukwa na akili.

Hakuwa huyu wala yule. Alikuwa profesa, daktari wa damu aliyeacha wadi akaingia maabara, na kazi yake maisha yake yote ilikuwa saratani ya damu. Watu wa ploti walimwita Profesa wa Damu akiwa hayupo, na Profesa tu akiwapo. Mimi aliniita Mwalimu, kwa sababu nafundisha Kiswahili shule ya msingi, na kwa sababu majina ya watu hayakumkaa kichwani. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi, na jina langu la kubatizwa sidhani analijua mpaka leo.

Hiyo tabia ya kope hakuiacha. Watu wengine wakikusalimia hukutazama usoni. Yeye alikutazama kiganja. Alikipokea mkono wako, akaugeuza, akausoma, na kabla hujamaliza kusema hujambo alikuwa ameshakuambia ukapime. Sokoni wauza ndizi walimkimbia. Mmoja alinilalamikia, "Mwalimu, huyu jirani wako nikimwona nasikia kuugua." Nikamfikishia Profesa hayo maneno, nikidhani atacheka. Akaniuliza, "Yule wa ndizi za kupika? Mwambie aende kesho, asingoje." Na haki ya Mungu, yule mama alipokwenda alikutwa na upungufu wa damu wa kumlaza kitandani. Hata hivyo hakumpenda zaidi. Watu wetu hawapendi mtu anayeona mapema.

Mwanzoni sikuelewa anafanya nini huko mjini Kisii siku nzima. Nilidhani anapima malaria. Siku nilipomwuliza alinipeleka nyuma ya ploti, kwenye kipande ambacho mwenye nyumba alikuwa ameotesha miche ya chai chini ya matawi ya kivuli, akaniambia nichuchumae.

"Ndani ya mfupa kuna uboho," akasema, "na uboho ni kitalu kama hiki. Humo kuna seli tunazoziita seli shina. Hizo ndizo zinazozaa damu yote: ile nyekundu, ile ya kupigana na magonjwa, ile ya kugandisha kidonda. Sasa, mtu akipata saratani ya damu, ni kwamba kuna miche iliyokataa kukua. Haifi, haikui, haitoi jani. Inazaana tu. Inajaza kitalu mpaka ile mizuri inakosa pa kusimama."

"Si mnaing'oa?"

"Tunaing'oa. Ile inayoonekana." Akachimba udongo kwa kidole. "Kuna nyingine imelala huku chini. Dawa inapita juu yake, haiigusi. Mgonjwa anaenda nyumbani, wanamfanyia maombi ya shukrani, halafu inaamka. Kazi yangu ni hiyo iliyolala. Nataka kujua inalalaje."

Hayo ndiyo maelezo aliyowapa wazazi wote waliomletea watoto, maana hata baada ya kuacha wadi aliitwa kila mara. Namkumbuka mama mmoja kutoka Nyamira aliyekuja mpaka ploti na mtoto wake wa kike, fizi zinatoka damu. Kila alichoambiwa, yule mama aliuliza kitu kimoja: nilimlisha nini? Profesa, ambaye kwa simu hakuwa na hata subira ya kusema habari yako, alikaa chini sakafuni na yule mama akamjibu mara kwa mara, kwa sauti ileile, "Hukumlisha kitu. Hukukosea popote." Sijui alirudia mara ngapi. Mimi ningekuwa nimechoka zamani.

Yule mtoto alifariki. Tulienda mazishi huko Nyamira, mimi na yeye, na kuna jambo lilinishangaza. Alifika mpaka langoni kwa wafiwa, akasimama nje ya ua wa miti, na hapo akabaki mpaka mwisho. Watu walimkaribisha, wakamletea kiti, akakikalia hukohuko nje. Nilimwambia anatutia aibu. Akasema, "Mwalimu, wewe ingia. Mimi hapa nasikia vizuri." Nilinuna njia nzima kurudi.

Nisiseme uongo, hakuwa mtu rahisi. Alikuwa bahili wa majani ya chai mpaka yanachemshwa mara ya pili, lakini mfuko mzima wa sukari alimpa mlinzi bila kufikiri. Alikemea wanafunzi wake mpaka wanalia chooni, kisha anakesha akiwaandikia barua za kuwasifu ili wapate nafasi ng'ambo. Na waliipata, wakaenda. Kila aliyemfundisha vizuri alimpoteza. Niliwahi kumwambia, "Si umbakize hata mmoja?" Akanijibu, "Nimbakize afanye nini, anishikie mkoba?" Akaingia ndani. Baadaye nikasikia redio imewashwa kwa sauti kubwa, na yeye redio haimhusu kabisa.

Maneno yake nayajua. Ukimwambia pole alikujibu, "Usiniambie pole, niambie umeona nini." Ukimharakisha alisema, "Seli hazina saa." Na mtu akimletea damu maabara akataja namba tu, aliisukuma kando. "Huyu ni mtoto wa nani? Anatoka wapi?" Mpaka aambiwe ni kijana wa Marani, ni mama wa Ogembo, ndipo anainama kwenye hadubini. Alisema damu isiyo na mwenyewe haoni kitu ndani yake.

Lakini Desemba ndiyo iliyonionyesha mtu mwenyewe. Desemba kwetu mnaijua. Magari yanatoka Nairobi yamejaa watoto na masufuria, ploti zinakuwa tupu, kila mtu yuko kwao. Mimi naenda Marani kwa mama yangu. Yeye alibaki. Mwaka wa kwanza nilimwuliza mbona haendi nyumbani, kwao Ogembo si mbali. Akasema ana kazi maabara. Maabara ilikuwa imefungwa, kufuli nililiona kwa macho yangu. Niliporudi Januari nilikuta amefua mapazia yote, amefua ya kwangu pia, maana ufunguo nilimwachia, na mbwa wa mlinzi amenona. Mlinzi akaniambia Profesa alipika kila siku chakula cha watu wawili, wa pili akakosekana, ndipo mbwa akafaidi. Niliumia moyo. Sikumwambia.

Ngoja nieleze ile habari ya friza, maana bila hiyo hutamjua.

Pale maabara walikuwa na friza kubwa ya baridi kali, na humo alikuwa amehifadhi seli za wagonjwa wake wa miaka mingi. Ndizo zile zilizolala. Hakukuwa na nyingine popote. Jumamosi moja stima ikapotea. Jenereta ilikuwapo, lakini imefungiwa chumbani, na ufunguo alikuwa nao fundi mmoja, Msabato safi, ambaye Jumamosi simu yake huzimwa tangu Ijumaa jua likitua. Profesa alijua kanisa analosali. Akapanda bodaboda akaenda. Alipofika mlangoni, watu walikuwa wameinamisha vichwa. Akaingia taratibu, akaketi benchi la nyuma kabisa, akangoja.

Naam, alingoja. Maombi yakaisha, kwaya ikaimba, mahubiri yakaanza, na yule mama akakaa hapo kwa adabu zake na kazi ya maisha yake inayeyuka mjini. Fundi alikuwa mbele, shingo yake anaiona. Hakuinuka. Hakutuma hata mtoto. Ibada ilipokwisha ndipo akamfuata nje, na fundi wa watu alipoambiwa alikimbia na suti yake mpaka viatu vikachanika. Walikuta friza inatiririka maji.

Nilipomwona jioni yake nilipandwa na hasira badala ya huruma. "Profesa, ulishindwa kupiga kelele? Moto ukiwaka si watu hupiga kelele hata kanisani?"

"Kulikuwa na maombi," akasema.

"Maombi! Na baada ya maombi?"

"Hakuna aliyeniita mbele, Mwalimu. Ningeingiaje katikati ya watu?"

Nilimtazama kiganja chake kama anavyotutazama sisi. Kilikuwa kimekunjamana kwa maji ya friza. Usiku huo nililala kwake kwenye kochi, bila kuambiwa nilale wala niondoke. Alianza upya, na watoto wengine, na seli nyingine. Hakuwahi kumlaumu fundi, na mimi nikashindwa kuelewa mwanamke asiyeogopa saratani anawezaje kuogopa benchi za kanisa.

Nilikuja kuelewa siku tuliyokuwa tunachambua chinsaga barazani kwangu, mchana kweupe, wala sikuwa nimemchokoza. Alianza tu kusema, macho yakiwa kwenye mboga.

Ni lazima kwanza niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Abagusii tuna kitu tunakiita ensoni. Kukiita aibu ni kukipunguza. Ni mpaka kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Baba haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Binti hauoni mwili wa baba yake. Zamani mtu akivuka mpaka huo, hata kwa bahati mbaya, wazee waliitwa, mbuzi akachinjwa, watu wakasafishwa, yakaisha. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, mbuzi wa namna hiyo hatuchinji, tunasema ni mambo ya giza. Sawa. Lakini hapo ndipo ninapowagombeza watu wetu: dawa tumeitupa, ugonjwa tumebaki nao.

Sasa, baba yake Profesa aliugua yeye akiwa ndiyo kwanza ametoka masomoni ng'ambo. Mzee alidhoofika, akatoka damu puani bila kugongwa. Yeye aliona mara moja ni nini, lakini kuona si kupima. Ilihitajika kutoa uboho, na uboho hutolewa nyuma ya nyonga, mtu amelala ubavu, nguo imeshushwa. Katika hospitali waliyokuwamo hakukuwa na mwingine aliyejua kuifanya. Kwenda Nairobi mzee alikataa, alisema hatafia njiani. Profesa akamwambia hakuna mwingine ila yeye. Mzee akawaomba wauguzi watoke, abaki mmoja tu wa kumshika, akavua koti lake, akajifunika nalo uso. Akasema kutoka chini ya koti, "Fanya kazi yako, daktari." Hakumwita mwanangu. Alimwita daktari, ili aweze.

Alikuwa ameshaingiza sindano mlango ulipofunguka. Ni mdogo wake, kitinda mimba wao, ameleta uji wa wimbi kwenye chupa. Aliona alichoona: dada yake ameinama, baba yake uchi wa nyonga. Akageuka akaondoka na uji wake.

Mzee aliishi wiki chache. Ugonjwa ulikuwa ndio ule aliouhofia, na kwa wakati ule hakuna ambaye angemponya. Kwenye mazishi mdogo wake, ambaye ndiye mwenye boma la kwao kwa desturi, alisimama mbele ya ukoo akasema, "Aliyemvua baba nguo hataingia boma hili tena nikiwa hai." Hakusema amemuua. Profesa alinisisitizia hilo, kana kwamba lilikuwa jambo la kumtetea. "Hakusema nilimuua, Mwalimu. Anajua sikumuua."

"Na wewe hukumwambia baba alikubali?"

"Ningesimama mbele ya watu niseme baba aliniruhusu nimwone? Hiyo si ingekuwa kumvua mara ya pili?"

Nililia juu ya chinsaga yangu, sikuona haya. Yeye hakulia. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuingia boma la wafiwa kule Nyamira. Alikuwa amejizuia kwa mdogo wake akajizuia kwa dunia nzima. Na alichokitaka hakikuwa kikubwa. Hakudai shamba wala mgomba. Alitaka kuingia kwao mchana, alishwe, aondoke. Hicho tu.

Miaka ikapita hivyo. Kisha siku moja wifi yake, mke wa yule mdogo, akaja ploti na mkungu wa ndizi kichwani. Mimi nilitaka kuwapisha, Profesa akasema, "Keti, Mwalimu." Wifi akaeleza. Mumewe, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, ameugua saratani ya damu. Ametibiwa kwa dawa, imelala, lakini madaktari wanasema itaamka. Anahitaji kupandikiziwa seli shina za mtu anayelingana naye, na anayetazamiwa kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Wao walikuwa wamebaki wawili.

"Amekutuma?" Profesa akauliza.

Wifi akatazama sakafu. "Amesema kama utakubali, basi iwe. Ila hataki watu wa nyumbani wajue ni nani. Wataambiwa ni mfadhili."

Hapo mimi damu ilinichemka. Nikafungua mdomo niseme la kusema, na Profesa ameshajibu, "Sawa." Alijibu haraka mno, kama mtu anayeogopa mwingine atabadilisha nia.

Wakapimwa, wakalingana. Wakaenda India, yeye na wifi na mgonjwa, kwa ndege moja lakini viti mbalimbali. Huko alichomwa sindano kwa siku kadhaa za kuamsha seli zake zitoke mfupani ziingie kwenye damu, kisha akakaa kwenye mashine, sindano mkono huu na huu, damu inatoka inachujwa inarudi. Hakuna aliyevuliwa nguo. Alinisimulia hilo kwanza kuliko yote. "Umeona teknolojia, Mwalimu? Mikono tu." Mdogo wake aliwekwa chumba cha peke yake, asiingiwe na vijidudu. Profesa alimwona kupitia kioo siku ile mfuko wa seli ulipotundikwa. Mgonjwa aligeukia ukutani. Yeye akasimama pale kiooni mpaka mfuko ulipoisha, kisha akaenda kutafuta chai.

Zikashika. Mtu akapona. Na sasa sikilizeni jambo ambalo lilinichekesha mpaka nikashika mbavu. Aliniambia kwamba baada ya hapo damu yote ya mdogo wake inazalishwa na seli zake yeye. Hata kundi la damu lilibadilika likawa lake. "Leo ukiichukua damu yake ukaipima vinasaba," akasema, "maabara itakuandikia ni ya mwanamke."

"Woi! Mzee mzima wa kanisa!"

"Nyamaza, Mwalimu." Lakini alicheka na yeye, akajifuta macho kwa kanga, na kucheka kwake kulichukua muda mrefu kuliko nilivyozoea.

Tulikwenda kwenye ibada ya shukrani, kanisani kwao upande wa Ogembo. Kanisa ni la Mungu, halikuwa kwenye lile katazo. Tukaketi nyuma. Yule bwana akasimama na suti mpya, amekonda lakini amenyooka, akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari wa India, na wachungaji, na ukoo, na kila aliyetoa chake. Mwisho akasema, "Na mfadhili mmoja ambaye Mungu anamjua." Watu wakasema amina. Nikaanza kuinuka, maana na mimi nilikuwa namjua, na mdomo nilipewa wa kazi gani? Profesa akanibana goti.

"Keti," akaninong'oneza. "Umeona amesimama muda wote bila kushika kiti?"

Yeye alikuwa anatazama miguu. Watu walipotoka kwenda kula kwake, sisi tuliteremka mpaka barabarani, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tumesimama. Nyimbo za kule juu bomani zilitufikia. Nilimwambia ana moyo wa jiwe au hana moyo kabisa. Akaninunulia hindi la pili.

Tangu hapo, damu ya mdogo wake ilipaswa kuangaliwa kila baada ya muda, na huku kwetu wa kuiangalia vizuri ni yeye. Basi ilitolewa kliniki kule kwao, wifi akaileta kwa chupa ndogo. Mwenyewe hakuja hata siku moja. Nilikuwapo maabara mara moja chupa ilipofika. Profesa hakuuliza huyu ni wa nani. Aliandaa kioo cha hadubini, akainama, akasema kwa Kikisii, polepole, salamu ya asubuhi. Akakaa hapo zaidi ya inavyohitajika. Nilitoka nje nikasimama na madereva wa bodaboda, kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Amestaafu sasa, ingawa maabara walimwachia meza moja. Na Jumapili moja, mwaka huu, tumekaa barazani kwake tunakunywa yale majani yake ya kuchemshwa mara mbili, tukaona mtu anapanda njia ya ploti, kofia mkononi. Profesa aliweka kikombe chini. Ni yule mdogo wake.

Alisalimia, akaketi ncha ya kiti. Waliongea Kikisii, naandika nilivyosikia.

"Umekuja mwenyewe," Profesa akasema.

"Nimekuja." Akazungusha kofia. "Nimeongea na wazee. Nimewaambia yote, hata ya India. Tumepima mahali. Kando ya mama, ndani ya boma. Siku yako ikifika hutazikwa mjini kama mtu asiye na kwao."

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Kwetu, kwa mwanamke ambaye hakuolewa, hilo ni jambo kubwa, watu wamepelekana mahakamani kwa sababu yake. Lakini Profesa akasema, bila hasira, "Asante. Umeanzia mwisho."

"Vipi?"

"Hapo nitalala, sitajua nimelala. Nilikuwa nataka pa kuketi."

Yule bwana akainamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa, akainuka, akavaa kofia. Alipofika ngazi ya mwisho akageuka, akasema, akitazama migomba, "Sisi Jumamosi hula saa nane." Akaenda zake.

"Sasa hiyo ni karibu au ni nini?" nikauliza.

"Sijui," Profesa akasema.

Jumamosi ilipofika aligonga kwangu mapema. Alikuwa amevaa gauni la buluu ambalo sijawahi kuliona, na viatu vya kufunika. Akaniuliza kama linamfaa. Nikamwambia amependeza, tutafute gari twende. Akasema tungoje kidogo, labda watapiga simu. Tukakaa barazani. Saa nane ikafika, ikapita. Nilimsihi, nikamkaripia, nikamwambia ni ile habari ya kanisa tena, ya friza tena. Akasema, "Hakuniita, Mwalimu. Alitaja saa tu. Nikifika langoni kama hakuwa na maana hiyo, nitarudi na uso gani?" Saa tisa ikaja. Saa kumi. Akaanza kulegeza kamba za viatu.

Simu yangu ikalia. Ni wifi, na hakusalimia. "Mwalimu, mko wapi? Mbona hamjaja? Mzee wangu ametoa kiti nje tangu saa saba, amekaa langoni, hataki mtu amguse. Anasema kama dada yake angetaka kuja angekuwa amekuja."

Nilimwambia Profesa, neno kwa neno. Alibaki ameinama, mkono kwenye kiatu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Mwulize kama chakula kimebaki."

Nikauliza. Nikasikia wifi anaenda, nyayo kwenye changarawe, anamwuliza mtu. Halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa na simu.

"Mwambie bado hatujala."